Saratani ya ovari: Mishipa ya damu ya uvimbe inatuambia nini?

Uvimbe wa saratani ukifika milimita 1 hadi 2, yaani kama punje ya ulezi, hauwezi kuendelea kukua bila mishipa yake ya damu. Kwa saratani ya ovari, wingi wa mishipa hiyo unaweza kumpa daktari fununu ya jinsi ugonjwa utakavyokwenda.

Mishipa inatoka wapi?

Wazo hili lilielezwa mwaka 1971 na Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani. Wengi walilitilia shaka. Leo inajulikana kuwa seli za saratani zikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, na mishipa ya jirani huanza kuchipua matawi kuelekea kwenye uvimbe.

VEGF pia hufanya mishipa ivuje. Hiyo ni sababu mojawapo ya tumbo la mgonjwa kujaa maji.

Inapimwaje?

Kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe hupakwa rangi maalumu, kisha mishipa huhesabiwa kwa hadubini. Tafiti kadhaa zimeona kuwa wenye mishipa mingi waliishi muda mfupi zaidi, ila majibu hayafanani kote. Ndiyo maana si kipimo cha kila siku. Daktari bado anaangalia kwanza hatua ya ugonjwa na kiasi cha uvimbe kilichobaki baada ya upasuaji.

Kuna dawa?

Ipo bevacizumab, inayozuia VEGF. Ulaya iliiruhusu kwa saratani ya ovari mwaka 2011, Marekani 2014. Katika utafiti wa ICON7, haikurefusha maisha ya wagonjwa wote kwa jumla, lakini wale waliokuwa kwenye hatari kubwa waliongeza wastani wa karibu miezi 5. Uchambuzi wa sampuli za utafiti mwingine, GOG-0218, uliotoka 2017, ulionyesha kuwa wenye mishipa mingi ndio walionufaika zaidi. Kumbe mishipa ileile inayotisha ndiyo dawa inayoilenga.

Kwa mama wa Tanga

Hapa kwetu, kinachoamua zaidi ni muda. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa ugonjwa ukigunduliwa ukiwa bado kwenye ovari, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukishasambaa mbali, ni takriban 3 kati ya 10.

Shida ni kwamba dalili zake ni rahisi kuzidhania gesi, vidonda vya tumbo au chango la uzazi:

• tumbo kujaa au kuvimba
• kushiba haraka
• maumivu ya tumbo la chini au nyonga
• kwenda haja ndogo mara kwa mara

Ukiziona kwa mara ya kwanza na zikatokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, nenda hospitali, uulizie ultrasaundi. Usijipe moyo kwa sababu ulipima mlango wa kizazi. Kipimo kile hakigundui saratani ya ovari.

Kutoka Pangani, Muheza au Mkinga, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Matibabu ya saratani yako Ocean Road, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga mjini. Safari ni ndefu na nauli inauma, lakini uvimbe nao hausubiri.