Jinsi jeni moja inavyoweza kuokoa samaki wa kufugwa

WAFUGAJI wa samaki wanafahamu vyema kwamba maradhi ya virusi hayana tiba. Bakteria huweza kukabiliwa kwa dawa, lakini virusi vikishaingia bwawani au kizimbani, mwenye mali hubaki kuhesabu mizoga. Kwa sababu hiyo wataalamu wamegeukia kinga ambayo samaki huzaliwa nayo.

Mfano ulio bora zaidi ni wa salmoni wanaofugwa Norway na Scotland. Kwa miaka mingi samaki hao waliangamizwa na ugonjwa wa virusi unaoharibu kongosho, ujulikanao kwa kifupi kama IPN. Huwashambulia vifaranga wachanga wakiwa katika maji yasiyo na chumvi, kisha hurejea samaki wanapohamishiwa baharini. Chanjo ipo, ila hudungwa kwa sindano, na kifaranga mdogo hadungiki.

Ilijulikana kwamba baadhi ya koo za salmoni huhimili ugonjwa huo kuliko nyingine. Mnamo 2008 na 2009, watafiti wa Scotland na wenzao wa Norway, kila upande kivyake, walibaini kuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na eneo moja tu la kromosomu. Jambo hili lilistaajabisha, kwani aghalabu uwezo wa kuhimili maradhi huletwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kiasi kidogo.

Awali, wazalishaji wa mbegu waliwaambukiza ndugu wa samaki kwa makusudi ili kupima ukoo mzima. Baada ya ugunduzi huo, kipande kidogo cha pezi kilitosha kumtambua mzazi mwenye kinga. Norway, milipuko ya IPN iliyozidi 200 mwaka 2009 ilishuka hadi chini ya 50 kufikia 2015.

Kuhusu jeni yenyewe, watafiti wa Norway mnamo 2015 walitaja ile inayotengeneza protini ambayo virusi hujishikiza kwayo juu ya seli. Wenzao wa Scotland, mwaka 2021, walionyesha kwamba jeni jirani, nae1, ikizimwa, virusi hushindwa kuzaana vizuri.

Hata hivyo, virusi navyo havilali. Mwaka huo huo wa 2021 ilichapishwa taarifa ya aina mpya ya virusi vya IPN nchini Norway, yenye uwezo wa kuua hata salmoni waliorithi kinga.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, habari inayowagusa zaidi ni ya ngege, yaani tilapia wa Nile. Virusi vya TiLV, vilivyoelezwa mara ya kwanza nchini Israeli mwaka 2014, huweza kuua hadi asilimia 90 ya samaki hao. Baada ya mlipuko wa 2018 katika mabwawa ya kuzalishia mbegu nchini Malaysia, wanasayansi walichunguza jeni za waliokufa na walionusurika. Waliorithi alama ya kinga kutoka kwa wazazi wote wawili walikufa asilimia 11 pekee. Waliorithi alama ya udhaifu, asilimia 43.

Mwaka 2018 iliripotiwa pia kwamba chembechembe za TiLV zimepatikana Ziwa Victoria, pande za Uganda na Tanzania, katika samaki wasio na dalili zozote za ugonjwa. Mfugaji anayenunua vifaranga hawezi kumtambua kwa macho aliyebeba virusi, wala aliyezaliwa na kinga.