Mashine pepe zilivyopata kasi

Kuendesha Linux ndani ya Windows, au Windows ndani ya Linux, si jambo la jana. Katikati ya miaka ya 1960, katika kituo cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, Robert Creasy na wenzake waliunda CP-40, programu iliyoigawa kompyuta moja hadi kila mtumiaji akajiona ana mashine yake peke yake. Mwaka 1972 IBM iliwatangazia wateja mrithi wake, VM/370.

Amri nyingi za mfumo mgeni, yaani ule unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, zilikwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Zile nyeti tu, kama za kugusa diski, zilinaswa na programu msimamizi, ikazitekeleza kwa niaba ya mgeni. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliliweka hilo kuwa sharti: kila amri nyeti lazima inasike.

Prosesa za x86, zilizotapakaa kwenye kompyuta za mezani, hazikulitimiza. Amri kama POPF, mgeni asiye na mamlaka akiitoa, iliruka sehemu ya kazi yake kimyakimya na msimamizi asijue lolote. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao watatu, ilipita njia ya panya: bidhaa yake ya 1999 ilizisoma amri za kiini cha mgeni na kuziandika upya papo hapo, kabla hazijafika kwenye prosesa.

Intel (2005) na AMD (2006) zikaingiza msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa zenyewe, na wengi husimulia kana kwamba kesi iliishia hapo. Haikuishia. Mwaka 2006 Keith Adams na Ole Agesen walipima wakakuta mbinu ya kuandika upya mara nyingi inaushinda msaada huo mpya. Walikuwa wafanyakazi wa VMware, ndiyo, lakini hoja yao ilikuwa nzito: kila mgeni alipomkabidhi msimamizi kazi, muda uliliwa, na majedwali ya kumbukumbu bado yalisimamiwa kwa programu.

AMD ilihamishia kazi hiyo ya majedwali kwenye prosesa mwaka 2007, Intel mwaka uliofuata. Mwaka 2008 pia Rusty Russell alieleza virtio: mgeni aache kudanganywa kwamba ana kadi halisi ya mtandao, akabidhi maombi yake kwa mafungu.

Mashine pepe yako ikijikokota, ingia BIOS uone kama msaada huo wa prosesa, VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD, umewashwa. Kama unatumia KVM, programu msimamizi ya Linux, weka na viendeshi vya virtio kabla hujaenda dukani kununua kompyuta mpya.