Uhuishaji: Istilahi Inayopimwa kwa Gunia

Uhuishaji ni ufundi wa kupanga picha zisizosogea, moja baada ya nyingine, hadi jicho lione mwendo na mtazamaji aamini kwamba kilichochorwa kina uhai. Neno limejengwa juu ya hai: kutoka hapo kuna uhai, kuna kuhuisha, kisha uhuishaji, yaani kazi ya kutia uhai. Lugha za Ulaya zilipita njia hiyohiyo kupitia Kilatini, ambako anima ni pumzi au roho. Animesheni inasikika sana midomoni mwa mafundi, lakini haiongezi kitu ambacho uhuishaji hauna.

Katuni na kibonzo si visawe vyake. Kibonzo cha gazetini kimekamilika hata kama hakisogei, kwa kuwa neno hilo hutaja picha, ilhali uhuishaji hutaja kitendo. Tatizo la kweli ni jingine: kitenzi chenyewe kina ajira ofisini. Leseni huhuishwa, taarifa huhuishwa, na dereva anayeambiwa dirishani mpakani kwamba kibali chake kinahitaji kuhuishwa hafikirii michoro hata kidogo. Hata hivyo maana hizo mbili hazigombani. Kibali kilichokwisha muda kimekufa, na mchoro usiosogea haujapata uhai. Kote huko kuhuisha ni kukipa kitu uhai. Neno libaki.

Ufundi huu una misingi 12 inayofundishwa karibu kila mahali. Iliwekwa katika maandishi na Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa studio ya Walt Disney, katika kitabu chao The Illusion of Life cha mwaka 1981, ingawa mambo yenyewe yaligunduliwa studioni humo katika miaka ya 1930, kabla na wakati wa kutengeneza filamu ya Snow White iliyotoka mwaka 1937. Mwaka 1987 John Lasseter wa Pixar alionyesha kwamba misingi hiyohiyo inafaa kwa picha za kompyuta. Kuiita kanuni, kama wengine wafanyavyo, ni kuipa ukali usio wake: mchoraji huweza kuuacha msingi mmoja na kazi ikasimama.

Zoezi mojawapo la wanagenzi wa Disney lilikuwa kuchora gunia la unga lililojazwa nusu. Gunia halina uso wala mikono, lakini mwanafunzi alitakiwa alionyeshe likiwa na huzuni, furaha au hasira. Likidondoshwa, linabonyea na kutanuka ubavuni. Likishikwa pembe mbili za juu, linarefuka. Unga wa ndani hauongezeki wala haupungui. Huo ndio msingi wa kwanza, kubonyea na kurefuka, na sharti lake ni moja: umbo libadilike, ujazo ubaki.

Anayetaka kuuona msingi huo bila kalamu aende Tunduma. Mji huo wa mpakani, unaotazamana na Nakonde ya Zambia, uko katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ni mji wa magunia: mahindi, maharage, mchele wa Kamsamba. Gunia lililojazwa kwa kiasi likitupwa chini hujilaza kama mtu aliyechoka. Gunia la lumbesa, lililoshindiliwa hadi likaongezewa kilemba juu, hutua kama gogo. Mchoraji anayeyabonyeza yote mawili kwa kiasi kilekile amemdanganya mtazamaji kuhusu uzito na kilichomo, na mtazamaji wa Tunduma atagundua mara moja.

Sasa atazamwe mtu anayetwishwa gunia. Wenzake wawili wamelinyanyua kila mmoja upande wake. Yeye haendi juu kulipokea, anakwenda chini. Magoti yanakunjika, mgongo unanyooka, pumzi inavutwa na kuzuiwa, viganja vinapanda kando ya kichwa. Gunia linapotua shingoni anazama kidogo zaidi, kisha ndipo anapanda. Hatua ya kwanza ni fupi, karibu ya kuburuza. Mwendo wa kwenda juu umetanguliwa na mwendo wa kwenda chini, kama vile jembe hurudi nyuma ya bega kabla ya kushuka udongoni na mchi hupanda kabla ya kutwanga. Mhuishaji akiuondoa mwendo huo wa kwanza, gunia linaonekana kama limejazwa pamba.

Msingi huu ndio unaosumbua zaidi kuupa jina. Matarajio ni tafsiri ya kamusi ya neno la Kiingereza anticipation, lakini matarajio yako akilini mwa anayesubiri, hayako magotini mwa anayebeba. Maandalizi yamezoeleka kwa mitihani na harusi. Utangulizi umeshikwa na vitabu. Kiswahili kina kiambishi kinachofanya kazi hii vizuri, kile cha tegemezi katika kishazi tegemezi. Kwa mfano huo hupatikana mwendo tangulizi. Jina hilo linaeleza kinachoonekana, nalo linaleta pacha wake.

Pacha huyo ni mwendo unaobaki baada ya kitendo kikuu kwisha. Aliyebeba amesimama, lakini pindo la kitenge cha mwenye mali anayemfuata bado linapepea, na kamba iliyoning'inia kwenye gunia bado inabembea. Tafsiri ya harakaharaka huuita ufuatiliaji, na hapo maana inapotea kabisa, kwa kuwa ufuatiliaji ni kazi ya maofisa wa miradi. Mwendo fuatizi unatosha. Msingi huohuo unahusu pia sehemu zinazosogea kwa kufuatana, si kwa pamoja, na mfano mkubwa kuliko yote uko relini. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokamilika mwaka 1975, inaingia Zambia kupitia Tunduma. Treni ya mizigo inapoanza kuondoka mabehewa hayaondoki pamoja: injini inavuta la kwanza, la kwanza linavuta la pili, na mlio wa vyuma unasafiri hadi mkiani. Mwili wa binadamu huanza safari vivyo hivyo, kiuno kwanza, kisha bega, kiwiko, kiganja, vidole. Mchoraji anayevisogeza vyote kwa wakati mmoja amechora sanamu inayosukumwa.

Kupanga muda ni msingi unaohesabika. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na wahuishaji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, hivyo michoro 12 hutosha sekunde moja. Gunia likianguka kutoka lorini, kimo cha mita 1.2, hufika chini kwa takriban nusu sekunde, yaani fremu 12. Katika fremu 3 za kwanza linashuka sentimita 7.5 tu; 3 zinazofuata, 22.5, zinazofuata tena, 37.5, na za mwisho, 52.5. Nusu ya muda imepita na gunia limeshuka robo tu ya kimo. Anayeligawia nafasi sawa katika kila fremu hupata gunia linaloteremshwa kwa winchi. Kinyume chake ni lori lililokaa foleni ya mpakani: linaanza taratibu, linashika mwendo, kisha linapunguza kabla ya kusimama. Huko ni kuanza na kuishia polepole, msingi unaofaa karibu kila kitu chenye uzito, isipokuwa kinachogonga kitu kingine.

Kuna misingi miwili ambayo Kiswahili kiliikamilisha kabla ya studio yoyote kujengwa. Wa kwanza ni tao. Viungo vya mwili havisafiri kwa mstari ulionyooka. Mkono unaopepeta ungo, mguu unaopiga hatua, kichwa kinachogeuka, vyote huchora tao. Waswahili walikwisha kuona hivyo, ndiyo maana matao ni pia jina la mwendo wa maringo. Wa pili ni chuku, istilahi ya fasihi kwa kukuza jambo kupita kiasi ili ukweli wake uonekane. Mhuishaji anayepinda magoti ya mbebaji zaidi ya yanavyopindika kweli amepiga chuku, na hakuna haja ya kutafuta neno jingine.

Iliyobaki haihitaji maneno mengi. Kupanga jukwaa ni kuhakikisha jicho linajua pa kutazama. Kitendo sindikizi ni kile kidogo kinachokipa kikubwa ladha, kama mbebaji anayejifuta jasho huku akitembea. Kuchora mfululizo na kuchora vituo kwa vituo ni njia mbili za kazi, si sifa za mwendo. Uchoraji thabiti na mvuto hujieleza.

Watoto wa Afrika Mashariki wanaiona misingi hii kila siku bila kuambiwa majina yake. Kipindi cha uhuishaji cha Ubongo Kids, kinachotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kurushwa mwaka 2014. Ng'ambo ya Nakonde, Mzambia Malenga Mulendema alibuni Supa Team 4, iliyotoka Netflix mwaka 2023. Kujifunza hakuhitaji studio: simu hurekodi fremu zipatazo 30 kwa sekunde, na video ya mtu akitwishwa gunia, ikisimamishwa fremu moja moja, inaonyesha mwendo tangulizi waziwazi. Programu ya Blender hupatikana bure.

Istilahi inaweza pia kutoka lugha jirani: Kiswahili kilichukua neno ngeli kutoka Kihaya na istilahi hiyo ikakaa. Wasemaji wa Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali, ambao wamebeba, wamelima na kutwanga Songwe kwa vizazi vingi, huenda wana neno moja kwa goti linalokunjika kabla ya mzigo kupanda. Mwenye neno hilo alipeleke Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA).