Kalule na Mugabi: Ngumi Ambayo Haikupigwa

Vijiwe vya kahawa kuanzia Ndungu hadi Same mjini, ukitaja ngumi tu watakuletea ubishi wa Mwakinyo na Kiduku. Wazee wa ngumi wana wao: Ayub Kalule na John Mugabi, Waganda wawili, uzito uleule, miaka ileile.

Kalule alikuwa Denmark, kwa promota Mogens Palle. Mwaka 1979 akabeba ubingwa wa dunia wa WBA kule Japan, Juni 1981 Sugar Ray Leonard akamvua raundi ya 9. Mugabi, mwenye fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, akaangukia kwa Mickey Duff, London.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Mapromota wawili, kila mmoja na mtaji wake. Nani angeuchezea kwa Mganda mwenzake? Pesa nzito ilikuwa Marekani. Kampala ndiyo ingejaa watu, lakini nani alipe? Vita vya kumng'oa Amin vilikuwa vimeisha juzi tu.

Halafu 1982 Kalule akapigwa na Davey Moore, kisha McCallum. Kumpiga kukawa hakuna sifa tena. Mugabi alikuwa anapanda, akiangusha kila aliyeletwa, mpaka Hagler alipomzima Las Vegas, Machi 1986. Mwezi mmoja nyuma Kalule alishapigwa na Herol Graham, akatundika glavu.