Gari la abiria linavyogeuzwa kuwa nyumba ya safari

Msafiri anayevuka mpaka wa Namanga kuelekea Nairobi huanza mapema kukutana na magari ya watalii ambayo yamekuwa sehemu ya sura ya barabara za Kenya. Ni magari ya umbo lile lile linalobeba abiria mijini, ila paa lake limekatwa na kuwekewa jingine linaloinuka, ili waliomo ndani wasimame na kutazama wanyama. Upande wa Tanzania kazi hiyo hufanywa zaidi na Land Cruiser zilizorefushwa, kwa sababu kushuka katika kreta ya Ngorongoro kunahitaji gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Ujuzi wa kukata na kuunga bodi, kwa hiyo, si mgeni katika karakana za Nairobi na Arusha. Jambo linalohitaji maarifa ya ziada ni kulifanya gari la aina hiyo liwe mahali pa kupikia, kupumzikia na kulala.

Wazo lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka 70. Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuunda basi lake dogo, lile linalojulikana kwetu kwa jina la Kombi, mwaka 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya mji wa Wiedenbrück ikatengeneza sanduku la samani lililoweza kuingizwa ndani ya basi hilo wakati wa mapumziko na kutolewa siku za kazi. Leo, katika nchi za Afrika Mashariki, gari ambalo wengi wangeanzia ni Toyota HiAce, au Haisi kwa matamshi ya mitaani, hasa ya kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2004. Vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo na hakuna fundi asiyelifahamu.

Picha za magari kama haya huonyesha mbao zilizopigwa msasa, mito ya rangi na taa za kupendeza. Hayo ndiyo yaliyo rahisi. Usalama wa gari la kulala hutegemea uzito, hewa, nyaya na maji, mambo ambayo hakuna picha inayoyaonyesha.

Nafasi na paa

Haisi ya kawaida ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Sehemu ya mzigo ina urefu wa takriban mita 3, lakini upana wa ndani, ukiondoa unene wa bodi, hubaki kama mita 1.5. Mtu mzima hawezi kulala kukingama, hivyo kitanda lazima kifuate urefu wa gari, na kikishawekwa hakibaki kitu ila njia nyembamba. Toleo kubwa, lenye urefu wa milimita 5,380 na upana wa milimita 1,880, lina nafasi zaidi, ingawa kuliegesha katikati ya jiji ni adhabu.

Kwa sababu hiyo, familia nyingi zingenufaika zaidi na gari la kushindia kuliko gari kamili la kulala. Katika gari la kushindia kiti cha nyuma hubaki mahali pake pa asili, huongezwa meza ya kukunja, friji ndogo na pazia, na usiku kiti hulazwa kikawa kitanda. Gari hilo linaendelea kupeleka watoto shule. Muhimu ni kwamba kiti cha asili kimefungwa kwenye bodi kwa boliti na mkanda uliopimwa kiwandani. Benchi lililogongwa kwa misumari linafaa kukaliwa gari likiwa limeegeshwa tu. Likianza kutembea, asikae mtu juu yake.

Kukata paa ni uamuzi mwingine mzito. Mataruma ya chuma yanayopita chini ya bati la paa ndiyo yanayozuia bodi isibonyee gari linapopinduka. Fundi anayejua kazi huchomelea kwanza fremu ya chuma kuzunguka eneo litakalokatwa, kisha ndipo hukata. Anayekata kwanza na kufikiria fremu baadaye huachia bodi ijinyonge, na milango huanza kukataa kufunga.

Kilo zinazojificha

Kila gari lina kibati kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa. Kinachobaki baada ya kutoa uzito wa gari tupu ndicho mwenye gari alichonacho, na huisha haraka. Ubao mmoja mzima wa plaiwudi ya milimita 12 una uzito wa kama kilo 20, hivyo mbao sita ni kilo 120 kabla ya msumari wa kwanza. Lita 60 za maji ni kilo 60. Mninga na mvule ni mbao za kifahari, lakini humezea gari uzito ambao ungebeba watu. Plaiwudi nyepesi yenye kingo zilizopakwa varnishi inatosha.

Haisi ina springi za majani nyuma, na mafundi wengi hupendekeza kuongeza jani moja. Hilo huinua gari lililolala chini, lakini haliongezi uwezo wa breki wala wa matairi. Matairi ya Haisi ni ya magari ya mzigo. Kuyabadilisha kwa matairi ya gari dogo yenye ukubwa sawa, kwa kuwa bei yake ni nafuu, ni chanzo cha tairi kupasuka katika joto la mchana. Vitu vizito, yaani maji, betri na vyakula, vikae chini na katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kazi ikiisha, gari lipelekwe mizani likiwa na kila kitu ndani, pamoja na watu.

Hewa na moto

Usiku wa gari la kulala una ugomvi ambao kila mkazi wa ukanda huu anaufahamu. Dirisha likifunguliwa, mbu huingia. Likifungwa, hewa huisha. Kwenye nyanda za juu, kama ukingo wa Ngorongoro ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi nayo husukuma watu kufunga kila upenyo, na mwingine hufikiria kuingiza jiko la mkaa ndani ili apate joto.

Hilo halifai kufanywa kamwe, hata kwa dakika chache na hata mkaa ukiwa umeiva na hautoi moshi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huacha kubeba hewa ambayo mwili unaihitaji. Anayevuta gesi hiyo huanza kuumwa kichwa na kusikia usingizi, na usingizi huo humzuia kutambua hatari. Chumba cha nyumba kimewaua watu kwa njia hii; gari, ambalo ndani yake mna mita chache tu za ujazo, huua upesi zaidi. Injini inayonguruma huku gari likiwa limesimama usiku ina hatari hiyo hiyo, hasa ikiwa bomba la moshi limetoboka chini ya sakafu.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Madirisha mawili yanayotazamana huwekewa wavu wa chandarua unaobana vizuri kwenye fremu, na hubaki wazi kidogo usiku kucha. Baridi hukabiliwa kwa blanketi. King'ora cha kaboni monoksaidi huwekwa karibu na mahali pa kulala na kujaribiwa kila kabla ya safari.

Gesi ya kupikia ina tabia tofauti. Ni nzito kuliko hewa, hivyo inayovuja hutambaa sakafuni na kutulia penye shimo au kona. Mtungi wa kilo 6, unaopatikana Kenya na Tanzania, ukae wima katika kabati lililozibwa upande wa ndani ya gari, linalofunguka kwa nje na lenye tundu chini linalotoa hewa barabarani. Vali ifungwe kila gari linapotembea. Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni, kiberiti kisikaribishwe. Iko faida nyingine ya kupikia nje inapowezekana: kilo moja ya gesi ikiungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na mvuke huo ukibaki ndani hugeuka matone kwenye bati na, baada ya miezi, kutu.

Nyaya zinazostahili heshima

Betri ya injini isiguswe kwa matumizi ya nyumbani. Huwekwa betri ya pili, inayochajiwa na injini kupitia kifaa cha kutenganisha, na mchana huchajiwa na paneli ya jua. Betri ya lithiamu ya volti 12 na saa-ampea 100 hubeba kama wati-saa 1,280 na sehemu kubwa ya umeme huo hutumika. Betri ya risasi ya kiwango hicho ina uzito wa karibu maradufu, na huharibika mapema ikizoea kushushwa chini ya nusu. Kwa upande mwingine, betri ya risasi hupatikana kila duka la vipuri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Friji ndogo ya kompresa katika hali ya joto hutumia kiasi cha saa-ampea 30 hadi 50 kwa siku. Paneli ya wati 200 chini ya jua letu inaweza kurejesha kiwango hicho siku ya anga safi. Siku mbili za mawingu katika msimu wa masika hubadilisha hesabu yote, ndiyo maana chaji ya injini isiachwe.

Panapokosewa zaidi ni unene wa waya. Friji inayovuta ampea 5 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, umbali wa mita 5, hupoteza zaidi ya nusu volti njiani. Betri ikiwa imeshuka, friji hujizima ingawa umeme bado upo, na mwenye gari hulaumu friji. Waya wa milimita za mraba 4 hupunguza upotevu huo hadi volti 0.22. Kila waya unaotoka betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, kwa kuwa fyuzi iliyo mwisho wa waya hailindi kitu iwapo waya utachubuka katikati na kugusa bodi. Palipotobolewa bati ili waya upite huvalishwa mpira. Mtikisiko wa barabara ya changarawe hukata kila kilicho laini.

Matunzo

Adui wa kudumu ni maji. Mipira ya paa linaloinuka hukauka kwa jua na kupasuka, kwa hiyo huoshwa na kupakwa silikoni kabla ya masika. Pia vitundu vya kutolea maji chini ya milango hufunguliwa kwa waya mwembamba. Anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ana sababu ya ziada ya kuosha shasi kwa maji baridi, kwani chumvi ya bahari haichoki. Kwa insuleshi, sponji isiyonyonya maji iliyogundishwa moja kwa moja kwenye bati ni bora kuliko pamba ya kioo, ambayo hunywa unyevu na kuushikilia.

Injini ya Haisi iko chini ya viti vya mbele. Makabati yasizibe njia ya kuvifungua, la sivyo kubadili filta tu kutageuka kazi ya seremala. Injini za dizeli za aina ya 1KD na 2KD hutumia mkanda wa majira, ambao hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na soko ambalo gari liliundiwa. Gari lililotumika Japani, lisilo na kumbukumbu za matengenezo, libadilishiwe mkanda mara linapowasili. Injini ya petroli ya 2TR hutumia mnyororo. Injekta za dizeli hazivumilii mafuta machafu, hivyo filta ya akiba ibebwe kila safari ndefu.

Karatasi na mpaka

Kadi ya gari hutaja aina ya bodi na idadi ya viti. Anayeondoa viti au kubadili paa ashauriane na mamlaka inayosajili magari, ambayo ni NTSA nchini Kenya na TRA nchini Tanzania, na aiarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Ajali isiwe siku ya kwanza ya bima kusikia kwamba gari lina mtungi wa gesi.

Kuvuka mpaka kunahitaji kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda na bima inayotambulika upande wa pili. Kadi ya Njano ya COMESA hutumika pia Tanzania, ingawa nchi hiyo si mwanachama wa jumuiya hiyo. Katika hifadhi, kulala huruhusiwa kwenye maeneo ya kambi yaliyotengwa.

Anayepanga kufika Rwanda, Burundi au Kongo akumbuke kwamba huko magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mlango wa kusukuma wa Haisi nyingi zinazotoka Japani uko kushoto, na kwa Kenya, Uganda na Tanzania hilo humshusha abiria kando ya njia. Huko ng'ambo mlango huo hufunguka katikati ya magari yanayopita. Kabla ya watoto kushuka, gari litolewe nje kabisa ya barabara.