Ukuta wa kiwango cha 29

Alexey Pajitnov aliitunga Tetris mjini Moscow mwaka 1984, lakini sisi tunazungumzia toleo la Nintendo la 1989. Mkakati wake wa kwanza kila mtu anaujua: panga vipande, acha nafasi upande mmoja, subiri kile kirefu, ufute mistari minne kwa mkupuo. Tabu ni kiwango cha 29. Hapo vipande vinaanguka kasi mno, ukishikilia kitufe havifiki pembeni. Kwa miaka mingi wachezaji waliamini mchezo umeishia hapo.

Mwaka 2011 Thor Aackerlund alifika cha 30 kwa kubonyeza harakaharaka badala ya kushikilia. Kwetu yeye ndiye mwenye sifa kubwa, maana wengine walikuwa hawajaamini. Mwaka 2018 Joseph Saelee, wa miaka 16, alimshinda kwa mbinu hiyohiyo Jonas Neubauer, bingwa mara saba.

Kisha ikaja nyingine (tumeijaribu chamani, vidole vikauma bure): kidole kinatulia juu ya kitufe, vidole vya mkono wa pili vinagonga pedi kwa nyuma. Desemba 2023 Willis Gibson wa Oklahoma, mwenye miaka 13, alicheza hivyo hadi kiwango cha 157, na mchezo wenyewe ukaganda.