Baruti, Shura na Kiberiti: Historia ya Fataki katika Maneno Matatu

Asili ya fataki ni Uchina, ambako kanuni za baruti ziliandikwa katika Wujing Zongyao mwaka 1044. Baruti nyeusi aghalabu huwa na shura asilimia 75, makaa 15 na salfa 10: makaa na salfa huungua, shura huvipatia oksijeni. Rangi huletwa na metali: strontiamu nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu.

Lugha nayo imeihifadhi safari hiyo. Ibn al-Baytar, aliyefariki mwaka 1248, aliandika kwamba shura iliitwa “theluji ya China” na matabibu wa kale wa Misri, na barud huko Maghreb. Jina la kiambato kimoja likaja kuwa la mchanganyiko mzima, na kwa maana hiyo likatufikia. Kiberiti nacho kilikuwa salfa kabla ya kuwa njiti ya moto. Silabi yake ya kwanza ikageuzwa kiambishi cha ngeli, tukapata viberiti.

Basi, kabla ya kudai kwamba Kiswahili ni mgeni katika kemia, hatuna budi kuyahoji maneno haya. Yakifa, tutapoteza majina na ushahidi pia.